Kurudi Uraiani: Mwongozo kwa Kijana Aliyemaliza Kifungo na kwa Anayempokea

Kijana mmoja niliyemfuata getini siku ya kuachiliwa kwake alifika kwao, akaomba kwenda msalani, kisha akasimama mbele ya mlango. Dakika nzima ikapita. Nilidhani kuna mtu ndani. Hapakuwa na mtu. Kwa miaka miwili alikuwa akifunguliwa kila mlango na mtu mwingine, na mkono wake ulikuwa umesahau kitasa ni cha nini.

Nimewapokea wengine baada yake, na kila nikisikia mtu akisema "ametoka, sasa shauri yake", namkumbuka yule pale mlangoni. Ndani unaamshwa kwa filimbi, unahesabiwa, unaambiwa saa ya kula na saa ya kulala. Uraiani maamuzi yote hayo yanakurudia asubuhi moja kwa mkupuo. Wengi niliowaona wakianguka walizidiwa na maamuzi madogo yaliyorundikana kabla hata ya kufikia yale makubwa. Kwa hiyo mwongozo huu unashughulika zaidi na vitu vidogo: karatasi, saa, namba za simu, maneno ya kusema.

Sheria za kila nchi zina namna yake. Pale zinapoingia nitakupa swali la kuuliza. Wa kumuuliza ni wakili wako au afisa wa uangalizi, yule ambaye wengine humwita afisa wa probesheni au afisa ustawi wa jamii.

Wiki za mwisho ukiwa bado ndani

Kazi inaanzia humo. Mwezi mmoja kabla ya tarehe yako, au mapema zaidi, omba kuonana na anayeshughulikia kuachiliwa na umuulize mambo haya kwa utaratibu: nitapewa karatasi gani ya kuthibitisha kwamba nimemaliza au nimeachiliwa kwa masharti? Vitu vyangu nilivyoingia navyo viko wapi? Kama nilifanya kazi ya malipo, akiba yangu ni kiasi gani? Vyeti vya masomo au ufundi nitakabidhiwa lini? Nikiwa natumia dawa, nitatoka na za siku ngapi, na nani ataniandikia nyingine?

Usione haya kuuliza. Mwaka 1990 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni za kuwalinda watoto walionyimwa uhuru, zinazojulikana kama Kanuni za Havana. Zinasema mali ya mtoto iorodheshwe anapoingia, aweke saini, na arudishiwe anapotoka. Zinasema sehemu ya malipo ya kazi yake iwekwe akiba akabidhiwe siku ya kuondoka. Na kuna kifungu kimoja ambacho wengi hawakijui: cheti cha masomo kilichopatikana kizuizini kisionyeshe kwa namna yoyote kwamba mwenye nacho alikuwa kizuizini. Kama cha kwako kina muhuri au jina la gereza, uliza kama kinaweza kutolewa upya kwa jina la bodi ya mitihani au chuo. Wenye umri wa miaka 18 na zaidi nao wana la kushika: Kanuni za Nelson Mandela za mwaka 2015, zinazotaka anayeachiliwa asaidiwe, kadiri inavyowezekana, kupata hati za utambulisho, mahali pa kuishi, mavazi yanayofaa, na njia ya kufika kwake na kujikimu siku za mwanzo. Kanuni hizi hazimlazimishi afisa kama amri ya hakimu, lakini anayejua anachostahili huomba kwa sauti tofauti, na mara nyingi husikilizwa.

Mambo mawili ya mwisho kabla ya geti. Hifadhi kichwani namba za simu za watu wawili. Simu yako ya zamani huenda haipo, na karatasi hupotea. Na waombe nyumbani wakuletee nguo mpya. Ulikuwa unakua humo ndani, mdogo wangu. Suruali uliyoingia nayo ukiwa na miaka 15 haitakupanda ukiwa na 17, na kutembea uraiani ukiwa umebanwa na nguo ni kujitangaza.

Siku tatu za kwanza

Awepo mtu wa kukufuata. Akikosekana wa nyumbani, muulize afisa kama yupo mtu wa kujitolea. Safari ya peke yako kutoka getini ina vituo vingi, na baadhi ya hivyo vituo vina watu wanaokungoja kwa hamu kuliko mama yako.

Nenda moja kwa moja mahali utakapolala. Sherehe isubiri. Ninajua familia hutaka kuchinja na kuita ukoo mzima, na nia yao ni njema, lakini kijana aliyezoea chumba kimoja na nyuso zilezile huzidiwa na kelele za watu arobaini wanaomtazama akila. Utashtuka mlango ukigongwa kwa nguvu. Utaamka alfajiri kabla ya kila mtu na kukaa kitandani ukingoja kuhesabiwa. Huenda usiku ukakosa usingizi kwa sababu ya kimya. Haya yote ni ya kawaida na hupungua. Yasipopungua, au ukianza kuona heri usingekuwepo, mwambie mtu siku hiyohiyo, na umtake akupeleke kwa mganga wa hospitali.

Kuna jambo ambalo lazima niliseme kwa sauti hata kama halikuhusu, kwa kuwa litamhusu aliyeketi karibu nawe. Aliyekuwa akitumia heroini au dawa nyingine za jamii ya afyuni kabla ya kufungwa, mwili wake umepoteza ustahimilivu. Kipimo alichokizoea zamani sasa kinaweza kuzima pumzi. Wiki mbili za kwanza baada ya kutoka ni kipindi cha hatari kubwa, na wengi waliokufa hivyo hawakuwa wamekusudia kufa. Walirudia tu kiasi cha siku zile. Uliza kuhusu matibabu ya uraibu kabla ya kutoka. Familia iulize kliniki kuhusu naloksoni, dawa inayoweza kurudisha pumzi za mtu aliyezidisha afyuni, na ijue namna ya kuitumia. Mtu akizirai, ita msaada wa dharura kwanza, aibu baadaye.

Ndani ya siku hizo tatu jambo jingine la lazima ni kuripoti. Masharti mengi hutaka ufike kwa afisa upesi sana, pengine siku ileile. Usisubiri upumzike kwanza.

Masharti: daftari moja, kalamu moja

Nimeona vijana wakirudishwa ndani bila kuiba hata sindano. Mmoja alikosa kuripoti mara mbili kwa sababu alipata kibarua na akaona haya kumwambia tajiri wake anakwenda wapi. Mwingine alilala kwa shangazi yake usiku mmoja, nje ya anwani aliyoandikisha. Kwa macho ya sheria wote wawili walikuwa wamekiuka.

Nunua daftari. Ukurasa wa kwanza nakili masharti yako yote kwa maneno yako mwenyewe, kisha mpe afisa alisome na akwambie kama umeelewa. Kila sharti lizungushie maswali: lini, wapi, kwa nani, mpaka lini, na nikichelewa kunatokea nini? Je, naweza kusafiri? Nani hasa sitakiwi kukutana naye, na nikikutana naye kwa bahati barabarani nifanye nini? Kama umefungwa bangili ya kielektroniki, uliza inachajiwa kwa muda gani na ikileta hitilafu upige namba ipi.

Halafu kuna desturi moja inayookoa kuliko zote: piga simu kabla. Umechelewa usafiri, piga. Mtoto anaumwa, piga. Andika saa uliyopiga na jina la aliyepokea. Afisa anayepigiwa kabla ya saa ya miadi anaona mtu anayejitahidi. Anayepigiwa kesho yake anaona kisingizio, hata kama maneno ni yaleyale.

Nyumbani, na haya ni ya mzazi pia

Ukifika utakuta kitanda chako kina mwenyewe. Mdogo wako amerefuka, ana mzaha ambao huuelewi na wote wanaucheka. Mama ameweka pochi yake mahali papya. Utaona, na itauma. Usiligeuze kuwa ugomvi siku hiyo. Yeye mwenyewe huenda hajui kama ameihamisha.

Mzazi au mlezi, kaeni naye mapema, kabla ya kosa lolote, mkubaliane mambo matatu tu: saa ya kuwa ndani, pesa zinaendaje, na nani anaruhusiwa kuja. Matatu yanatosha. Orodha ya sheria ishirini ni gereza jingine, na atalitoroka kama lile alivyotamani kulitoroka. Usimkumbushe kosa lake kila vyombo visipooshwa. Na usimfanye mgeni pia: mpe kazi ya nyumba yenye jina lake, siku yake na saa yake, ya kufanywa bila kuambiwa. Mwache aamue mwenyewe vitu vidogo, nguo ya kuvaa, njia ya kupita, hata akichukua muda mrefu mno kuamua. Ndiyo mazoezi yenyewe.

Kijana, usidai kuaminiwa. Sema "nitarudi saa kumi na mbili", kisha rudi saa kumi na mbili kasorobo. Fanya hivyo mwezi mzima, uone pochi itarudi wapi.

Kwa wengine nyumbani ndiko kosa lilikozaliwa: kuna kipigo, kuna biashara haramu sebuleni, kuna mtu aliyekudhuru. Kama ndiko kwenu, sema kabla ya kuachiliwa, ukiwa peke yako na afisa. Ndugu wa mbali, nyumba ya vijana wanaotoka kizuizini, au mlezi mwingine, chochote kati ya hivyo kitafutwe mapema, kwa sababu usiku wa kwanza ukishaingia utalala popote patakapokuwa wazi.

Karatasi

Hapa ni fupi. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, akaunti ya benki au ya simu. Fuata mpangilio huo maana kimoja huzaa kingine. Piga picha kila hati na umtumie mtu mmoja unayemwamini. Tenga siku moja kwa kila ofisi na ubebe kitu cha kusoma. Foleni inachosha, na aliyezoea ubabe wa ndani hukasirika haraka dirishani. Karani akikujibu vibaya, toka nje, hesabu hatua mia, rudi.

Kijiwe

Watakuja. Wengine kwa mapenzi ya kweli, kwa kuwa walikukosa. Wengine kwa deni. Watakuletea simu, viatu, kitu cha kuvuta, wataita zawadi. Zawadi ya wiki ya kwanza huwa na mkia, na mkia wake utauona wiki ya tano.

Hutakiwi kutangaza vita wala kutoa hotuba ya kuwaaga. Matangazo huwafanya watu wakujaribu. Unachohitaji ni sababu iliyo kavu, ya kila siku, isiyojadiliwa: "Nina kuripoti asubuhi." "Nina amri ya kuwa ndani saa moja." Masharti unayoyachukia yanageuka kuwa ukuta wa kujificha nyuma yake; yatumie. Badili namba. Zile akaunti za mtandaoni zenye picha za zamani, zifunge au uzisafishe, kwanza kwa usalama wako, pili kwa kuwa waajiri nao wana simu. Kama una deni lililobaki ndani, au kuna watu wanaokutishia, usilibebe peke yako. Mwambie afisa kabla hawajakutafuta.

Watafiti wawili wa Marekani, Robert Sampson na John Laub, walifuatilia maisha ya wanaume waliokuwa watoto watukutu wa Boston, wengine hadi wakiwa na miaka 70. Waliobadilika mara nyingi walikuwa wamepata kitu cha kuwafunga: kazi ya kudumu, ndoa njema, jeshi. Vitu hivyo viliwatenga na kundi la zamani, vikawapa ratiba, vikawapa na mtu wa kuuliza "ulikuwa wapi?" Sikwambii ukaoe mwezi ujao, tafadhali. Nimeona ndoa zilizofungwa kwa kiherehere cha kutoka zikavunjika kabla ya masharti kwisha. Chukua ile siri iliyomo ndani yake: saa zako ziwe na mwenyewe. Timu ya mpira yenye kocha mkali, kwaya, darasa la jioni, mafunzo ya ufundi. Nani atakuuliza usipotokea? Kama hakuna, bado hujapata.

Swali la "ulikuwa wapi miaka hii miwili?"

Ugumu wa kupata kazi usikushangaze. Devah Pager, mtafiti wa Marekani, alifanya jaribio huko katika mji wa Milwaukee, matokeo yakachapishwa mwaka 2003: vijana waliofanana kwa elimu na mwonekano walitumwa kuomba kazi, wengine wakijitambulisha kuwa wamewahi kufungwa. Kati ya Wazungu, wasio na rekodi waliitwa tena kwa asilimia 34 ya maombi, wenye rekodi kwa 17. Kati ya Weusi ilikuwa 14 na 5. Soma namba hizo kama fundi: mlango uliohitaji kubishwa mara tatu sasa utabishwa mara sita, pengine zaidi. Panga mara sita tangu mwanzo, ili mara ya nne isikuvunje.

Kabla ya kujibu swali lolote, jua rekodi yako ikoje. Kanuni za Beijing za mwaka 1985, zinazohusu haki kwa watoto wakosaji, zinataka kumbukumbu za mtoto ziwe siri na zisitumike dhidi yake katika kesi za ukubwani. Nchi nyingi zina namna ya kuzifunga au kuzifuta, lakini taratibu hazifanani. Muulize wakili: rekodi yangu inafungwa yenyewe au lazima niombe? Baada ya muda gani bila kosa? Ikishafungwa, naruhusiwa kisheria kusema sina? Ni kazi zipi, kama za kulea watoto au za ulinzi, ambazo bado zitaiona?

Ukishajua, jibu kinachoulizwa, kwa ukweli, na usimame hapo. Fomu isiyouliza, usiijaze hadithi. Fomu inayouliza na sheria inakutaka useme, sema. Mficha maradhi kilio humuumbua: uongo hugunduliwa mwezi wa tatu, ukiwa umeshaipenda kazi, na hapo unafukuzwa kwa uongo hata kama kosa lenyewe wangelisamehe.

Jibu liandae kama wimbo, sentensi nne au tano, ulifanyie mazoezi mbele ya mtu: "Nikiwa na miaka 16 nilishiriki wizi na wenzangu. Nilihukumiwa na nimemaliza. Nikiwa huko nilisoma useremala na nina cheti. Afisa wangu na mwalimu wa karakana wako tayari kunielezea. Naomba unijaribu wiki mbili." Basi. Usimlaumu rafiki, usimlaumu polisi, usilie. Mwajiri akitaka zaidi atauliza. Wengi hupoteza kazi katika sentensi ya sita, pale wanapoanza kujitetea.

Shule nayo usiipite. Kama umri unaruhusu, rudi darasani hata kama kukaa na wadogo zako kwa mwaka kunakera. Zungumza na mwalimu mkuu pamoja na mzazi au afisa, mkubaliane ni walimu gani watajua. Wasijue wote.

Kazi ya kwanza itakuwa mbovu. Malipo madogo, msimamizi mwenye kelele kama nyapara. Ikamate miezi sita kama haikudhulumu wala haivunji masharti yako. Unachokichuma hapo zaidi ya pesa ni mtu wa kuandika "alifika kila siku".

Uliyemuumiza

Hili usilifanye kwa msukumo wa moyo. Vijana wengi wenye nia nzuri huenda kugonga mlango wa waliyemkosea wakiwa na pole mdomoni, na yule aliye ndani anachokiona ni mtu aliyemvamia amerudi. Pengine pia kuna amri inayokukataza kumkaribia. Anza kwa afisa: je, yupo mpatanishi? Je, mwenyewe anataka? Akikataa, kukataa kwake ni haki yake na hakuna rufaa.

Inawezekana, lakini. Mwaka 1974 huko Elmira, Kanada, vijana wawili waliokuwa wameharibu mali 22 katika usiku mmoja walipelekwa na afisa wa uangalizi, kwa idhini ya hakimu, nyumba kwa nyumba, wakakabiliana na wenye mali na baadaye wakarudi kulipa hasara. Tukio hilo hutajwa hadi leo kama mwanzo wa mipango mingi ya upatanisho kati ya mkosaji na mkosewa. Zingatia kwamba hawakwenda peke yao.

Pasipokuwa na njia ya kukutana, andika barua na usiitume. Mpe afisa aitunze.

Ukiteleza

Utateleza mahali. Utachelewa kuripoti, utajikuta kijiweni, utavuta mara moja. Hatari kubwa ni ile sauti inayofuata: "nimeshaharibu, basi liwe liwalo." Kijana mmoja alichelewa saa mbili, akaogopa, akajificha siku tisa. Saa mbili zingemletea karipio. Siku tisa zilimrudisha ndani.

Kwa hiyo andika sasa hivi, nyuma ya daftari, watu watatu wa kupigia usiku, na saa ambazo hukuwia ngumu. Kwa wengi niliowajua ni kati ya saa nne na saa saba usiku, kiza kikiwa kizito na mfuko mtupu. Panga shughuli ya saa hizo mchana, ukiwa na akili yako. Na umri uko upande wako: uhalifu mwingi hufikia kilele mwishoni mwa ujana na kushuka katika miaka ya ishirini, kwa sababu ubongo unapevuka na majukumu yanaongezeka.

Siku muda wa uangalizi utakapokwisha, usiondoke ofisini mikono mitupu. Omba barua yenye tarehe, saini na muhuri inayosema umetimiza masharti yote. Itoe nakala tatu: moja iende pamoja na cheti cha kuzaliwa, moja kwa wakili atakayeomba rekodi ifungwe, moja mpe mama aiweke anapoweka pochi.